Nyayo Kwanza, Jina Baadaye

Mwezi wa Septemba 2014, mtunzaji wa wanyama katika bustani ya wanyama ya Dallas alimchukua mwanawe wa miaka 4 wakaenda kutafuta visukuku vya samaki mjini Mansfield, mji ulio jirani na Fort Worth. Walipita nyuma ya maduka, mahali ambapo matingatinga yalikuwa yamekata ardhi kwa ajili ya ujenzi. Mtoto akaokota kipande cha mfupa, akamwonyesha baba yake. Kwa samaki, kilikuwa kikubwa mno. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southern Methodist walipopata ruhusa ya kuchimba, mwezi wa Aprili 2015, walitoa mifupa ya mnyama waliyemtambua kuwa nodosauri, dinosaria mla majani aliyevaa mabamba ya mfupa mgongoni. Alikuwa amelala pale kwa miaka milioni 100 hivi.

Habari ilipoenea, watu walistaajabia umri wa mvumbuzi. Lakini upande huu wa Texas una desturi ndefu ya watoto kuona kile ambacho wakubwa wamekipita. Mwaka 1909, mjini Glen Rose, kilomita 80 hivi kusini-magharibi ya Fort Worth, mvulana wa miaka 9 aliyekuwa ametoroka shule aliona alama kubwa za vidole vitatu kwenye mwamba wa kijito. Mafuriko ya mwaka uliotangulia ndiyo yaliyousafisha mwamba huo. Mvulana alimweleza mwalimu wake, na mwalimu ndiye aliyetambua kwamba zile ni nyayo za dinosaria. Mwaka 1988, katika wilaya ya Parker, magharibi ya Fort Worth, mtoto wa miaka 7 na baba yake walikuta mifupa iliyokuja kuitwa Tenontosaurus dossi. Na ndani ya Fort Worth yenyewe, mvulana mwingine aliokota mifupa ya nodosauri mchanga kabisa.

Visa hivi vina mpangilio mmoja. Mtoto aliona, akamwonyesha mtu mzima, na mtu mzima akaanza kuuliza. Jina la mnyama lilifika mwisho, pengine baada ya miaka mingi ya kupima na kulinganisha.

Madarasa mengi ya watoto wadogo hufuata njia ya kinyume. Somo linaanza na bango la Tyrannosaurus rex aliyeachama kinywa, watoto wanakariri majina marefu, wanapaka rangi ya kijani, wanaimba, wanakwenda nyumbani. Wamefurahi, na furaha hiyo ina thamani yake. Lakini ukimwuliza mtoto huyo watu wamejuaje kwamba mnyama huyo aliwahi kuishi, hana la kujibu. Amepewa jibu kabla ya kupewa swali. Mwalimu wa Fort Worth hana sababu ya kufundisha hivyo, kwa kuwa ushahidi wenyewe uko chini ya miguu ya wanafunzi wake.

Meza ya vitu sita

Fort Worth imejengwa juu ya mawe ya chokaa na udongo mgumu uliotandikwa na bahari ya enzi ya Kretasia. Maji hayo ya kina kifupi yalifika na kuondoka mara nyingi, na kuna wakati yaliigawa Amerika ya Kaskazini pande mbili. Ndiyo maana mtu akipita kwenye kingo za mito au pembeni mwa barabara iliyokatwa kilimani, huona magamba ya chaza yaliyogeuka mawe. Chaza wa jamii ya Gryphaea, mwenye gamba lililojikunja kama ukucha, ni wa kawaida sana hapa. Amonaiti pia wapo, jamaa wa ngisi na pweza waliokuwa wakiishi ndani ya gamba la mzunguko.

Upande wa magharibi, mjini Mineral Wells, kuna mahali ambapo kila mwalimu angependa kupafikisha darasa lake. Zamani udongo ulichotwa pale kwa ajili ya dampo la mji. Shimo lilipoachwa, mvua ikaendelea kuuosha udongo, na chini yake vikatokeza visukuku vya bahari ya kale zaidi, yenye umri wa miaka milioni 300 na zaidi. Mwaka 2010 mji ulipafungua kuwa bustani ya visukuku, na mgeni anaruhusiwa kuondoka na alichookota kwa matumizi yake mwenyewe. Kinachopatikana kwa wingi ni vipande vya krinoidi, wanyama wa baharini walio jamaa wa kiti cha pweza, ambao shina lao lilijengwa kwa vipande vidogo vya mviringo vyenye tundu katikati. Mtoto wa miaka 5 anaweza kukijaza kiganja chake kwa dakika chache.

Basi zoezi la kwanza halihitaji dinosaria hata mmoja. Mwalimu anaweka mezani vitu sita: chaza wa jiwe, gamba la chaza wa leo, kipande cha krinoidi, mfupa wa kuku uliochemshwa ukakaushwa, kokoto ya kawaida, na kipande cha amonaiti. Hasemi neno. Watoto wanashika, wanapima uzito kwa mikono, wanatazama kwa kioo cha kukuzia, kisha wanavipanga katika makundi wanayoona yanafaa. Mmoja ataweka vizito pamoja. Mwingine ataweka chaza wawili karibu, mmoja wa jiwe na mmoja wa juzi, na hapo mwalimu anauliza swali litakalorudi mwaka mzima: umejuaje?

Swali hilo linamlazimu mtoto kunyoosha kidole. Anaonyesha mistari ya gamba, mkunjo wake, mahali nusu mbili zilipoungana. Ameanza kulinganisha maumbo, na kulinganisha maumbo ndiyo kazi ya kila siku ya mtaalamu wa visukuku.

Unyayo una mengi ya kueleza

Nyayo ni msaada mkubwa kwa mwalimu wa watoto wadogo. Mfupa unahitaji maelezo marefu, lakini unyayo kila mtoto anaufahamu tangu siku ya kwanza alipokanyaga tope. Hifadhi ya Dinosaur Valley, iliyoko Glen Rose kwenye Mto Paluxy, ina mamia ya nyayo za miaka milioni 113 hivi iliyopita. Zile za vidole vitatu huhusishwa na Acrocanthosaurus, mla nyama mkubwa wa wakati huo. Zile pana, zinazofanana na mabeseni, ni za sauropodi, wale wala majani wenye shingo ndefu. Ukame wa mwaka 2022 ulipoukausha mto, nyayo ambazo kwa kawaida hufunikwa na maji na mashapo zilionekana wazi, na picha zake zikazunguka dunia.

Darasani, zoezi linaanza kwenye mchanga wenye unyevu. Nusu ya watoto wanageuka wasione. Wengine wanapita: mmoja anatembea, mmoja anakimbia, mmoja anarukaruka kwa mguu mmoja, wawili wanapita wameshikana mikono. Kisha waliogeuka wanarudi na kusoma kilichoandikwa mchangani. Nani alikuwa na haraka? Wangapi walipita? Yupi alitangulia? Mtoto akigundua kwamba unyayo uliokanyaga juu ya mwingine ni wa baadaye, ameifikia mwenyewe kanuni ambayo wataalamu wanaitumia Glen Rose.

Hatua inayofuata ni kupima. Mwaka 1976 mtaalamu wa Uingereza, R. McNeill Alexander, alichapisha njia ya kukadiria mwendo wa dinosaria kutokana na nyayo zake. Ndani yake mlikuwa na kanuni rahisi: urefu wa mguu kutoka ardhini hadi nyongani ni kama mara nne ya urefu wa unyayo. Watoto wanajaribu kwanza kwenye miili yao kwa uzi na mkasi. Watakuta kwamba hesabu haiwi sawasawa kwa kila mmoja, na mwalimu asiifiche tofauti hiyo. Makadirio yana mipaka yake, na mtoto anayeijua mipaka hiyo mapema hatadanganywa na takwimu akiwa mkubwa. Kisha wanachora kwa chaki unyayo wa sentimita 50 na kuzidisha kwa nne. Nyonga ya mnyama huyo inafika mita 2 kutoka ardhini, karibu na juu ya mlango wa darasa. Wanapiga alama ukutani. Hakuna bango linaloweza kuwaeleza ukubwa kwa namna hiyo.

Glen Rose ina somo jingine, na ni vizuri lifundishwe bila woga. Wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, baadhi ya wakazi walikata nyayo za dinosaria mwambani wakaziuza. Wengine walichonga nyayo za bandia za “binadamu wakubwa”. Mwaka 1938, Roland T. Bird wa Makumbusho ya Historia Asilia ya Marekani, New York, alikutana na mawe hayo ya kuchonga huko New Mexico. Hakuamini kwamba yalikuwa ya kweli, lakini aliyafuata hadi yalikotoka, na kwenye Mto Paluxy akakuta kitu cha thamani kuliko alichokuwa akitafuta: njia ya nyayo za sauropodi, ambazo zilikuwa hazijawahi kuelezwa kwa uwazi namna ile. Mwaka 1940 alisimamia kazi ya kukata sehemu ya njia hiyo. Kipande kimoja kipo New York hadi leo, na kingine kilibaki Texas, mjini Austin.

Je, mtoto wa miaka 6 anaweza kutofautisha unyayo wa kweli na wa kuchonga? Anaweza, akiwa na udongo wa kuchezea wa rangi tatu na kisu cha plastiki. Anapanga rangi hizo tabaka juu ya tabaka, anabonyeza kidole gumba kwa nguvu, kisha anakata katikati na kutazama ubavuni: tabaka zimeinama chini ya kidole. Anatengeneza rundo la pili, lakini safari hii anachimba shimo kwa kijiko, halafu anakata. Tabaka zimekatika, hazikuinama. Wataalamu hutumia kipimo cha namna hiyohiyo kwenye mawe halisi.

Plasta, biskuti na mianzi

Shughuli inayopendwa zaidi katika madarasa ya awali ni kutengeneza kisukuku. Mtoto anabonyeza gamba au jani kwenye udongo, analitoa, na pengo linabaki. Linajazwa plasta, linaachwa likauke, kisha udongo unabanduliwa. Hapa mwalimu ana mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, usalama: unga wa plasta usivutwe puani, na mtoto asiingize mkono kwenye plasta inayoganda, kwa sababu hutoa joto linaloweza kuunguza. Pili, maana: mtoto aelewe kwamba ametengeneza vitu viwili. Pengo lililobaki kwenye udongo ni alama ya mnyama, na plasta iliyolijaza ni umbo lake. Vyote viwili vinapatikana katika maumbile, na konokono wengi wa bahari ya kale ya Texas wamebaki kama tope lililoganda ndani ya gamba ambalo lenyewe limekwisha kuyeyuka.

Kuna pia uchimbaji wa biskuti. Mtoto anapewa biskuti yenye vipande vya chokoleti na kijiti cha meno, anaambiwa atoe chokoleti bila kuivunja. Zoezi hili hugeuka mchezo wa kula upesi likiachwa bila ramani. Likitanguliwa na karatasi yenye miraba, mtoto akichora kila kipande kilipokuwa kabla ya kukigusa, linabadilika kabisa. Mfupa uliotolewa ardhini bila kuandikwa ulikolala umepoteza nusu ya habari zake. Ni bora mtoto alijue hilo kwa biskuti.

Makumbusho ya Sayansi na Historia ya Fort Worth yanaielewa kazi hii vizuri, kwa kuwa yalizaliwa shuleni. Yaliandikishwa mwaka 1941 kama makumbusho ya watoto, na mwaka 1945 yakafungua milango katika vyumba viwili vya Shule ya Msingi De Zavala. Jina la sasa lilikuja mwaka 1968, na jengo la sasa mwaka 2009. Mpaka leo yana shule ya watoto wadogo ndani yake, na nje kuna uwanja wa kuchimba ambapo watoto wanafukua nakala za mifupa mchangani kwa brashi. Mchanga ule unafundisha uvumilivu. Mtoto aliyezoea kubonyeza kioo cha simu apate kitu papo hapo, hapa anapiga brashi kwa dakika kumi ndipo aone ncha ya mbavu.

Mzazi anayezungumza Kiswahili, na Fort Worth imepokea familia nyingi zilizokimbia vita mashariki ya Kongo, ana la kuchangia katika somo hili. Mwaka uleule wa 1909 ambapo mvulana wa Glen Rose aliona nyayo zake, uchimbaji mkubwa ulikuwa ukianza Tendaguru, nyuma ya Lindi, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Hadi mwaka 1913 mamia ya wafanyakazi wenyeji walichimba mifupa ya miaka milioni 150 hivi. Waliifunga kwa mianzi iliyosukwa kuizunguka, wakaibeba vichwani na mabegani kwa siku nne hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ya Giraffatitan brancai waliyoitoa imesimama Berlin, zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni hadi kichwani, na baadhi ya mizigo ile ya mianzi haikufunguliwa kwa zaidi ya karne moja.

Darasa linaweza kuirudia kazi hiyo kwa mikono yake: mfupa wa kuku, magazeti yaliyoloweshwa, vijiti na kamba. Kazi ni kuusafirisha kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, ukipita mikononi mwa watoto 20, ufike bila ufa. Mtoto aliyefika mwaka huu kutoka Bukavu au Uvira, ambaye Kiingereza bado kinamkwama, anajua kusuka na kufunga kama mwenzake yeyote. Na lugha iliyotumika kambini Tendaguru ni ileile anayoongea na mama yake nyumbani.

Kamba ya mita 46

Muda ndio mgumu kuliko yote. Mtoto wa miaka 5 huona “jana” na “zamani” kuwa majirani, na akiambiwa miaka milioni 100 anasikia tu neno kubwa. Dawa ni kamba. Dunia ina miaka bilioni 4.6 hivi. Kamba ya mita 46 ikinyooshwa uwanjani, kila mita ni miaka milioni 100, na kila sentimita ni miaka milioni moja. Watoto wanaanza mwisho wa leo na kurudi nyuma wakifunga vitambaa vya rangi. Dinosaria wakubwa walitoweka kwenye sentimita 66. Nyayo za Glen Rose ziko mita 1 na sentimita 13. Tendaguru ni mita moja na nusu. Krinoidi wa Mineral Wells wako mita 3 na kidogo. Binadamu kama sisi, tulioanza miaka 300,000 hivi iliyopita, tunachukua milimita 3 za mwisho.

Halafu watoto wanatembea mita 40 zaidi bila dinosaria hata mmoja. Wengi huuliza: huku kote kulikuwa na nini? Swali hilo liachwe lifanye kazi yake.

Jina linapobadilika

Sasa majina yanaweza kuingia, na Texas ina mfano ambao mwalimu hawezi kutunga bora zaidi. Mwaka 1997 jimbo lilimtangaza Pleurocoelus kuwa dinosaria wake rasmi, kwa imani kwamba mifupa mikubwa ya sauropodi iliyochimbwa kwenye shamba la Jones, wilaya ya Hood, ilikuwa yake. Mwaka 2007 Peter Rose, aliyekuwa ameichunguza mifupa hiyo akiwa mwanafunzi wa Southern Methodist, alionyesha kwamba ilitofautiana na Pleurocoelus, akampa mnyama jina jipya: Paluxysaurus jonesi. Mwaka 2009 bunge la jimbo lilimfanya huyo kuwa dinosaria rasmi, na mifupa yake ikasimamishwa katika jengo jipya la makumbusho ya Fort Worth. Haikupita miaka mingi, mtaalamu mwingine, Michael D’Emic, akalinganisha tena na kuona kwamba ni mnyama yuleyule aliyekwisha kuitwa Sauroposeidon huko Oklahoma mwaka 2000.

Majina matatu kwa mifupa ileile. Mtoto akiuliza lipi ni sahihi, mwalimu anamrudisha kwenye swali la meza ya vitu sita. Kila mmoja wa watu hao alinyoosha kidole kwenye kitu fulani katika mifupa. Mifupa haikubadilika, macho yaliendelea kutazama.

Zoezi la mwisho ni lebo. Kila mtoto anachagua kimoja cha vitu alivyookota au kutengeneza mwaka huo, anaandika au kuchora kilipopatikana, tarehe, na nani alikiona kwanza. Chini yake anakipa jina la kumheshimu mtu, na anaeleza mbele ya wenzake kwa nini amemchagua. Mwalimu anawasomea walivyoamua wengine. Pawpawsaurus campbelli ana jina la kijana wa miaka 19 aliyekipata kichwa chake Fort Worth mwaka 1992. Tenontosaurus dossi ana jina la wenye shamba waliloruhusu lichimbwe, na Paluxysaurus jonesi vivyo hivyo. Na mwaka 2007, mwaka uleule wa Paluxysaurus, sauropodi mmoja wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji wale.